Naomba ushauri: tumuage vipi mwalimu aliyetushika mkono?

Habari zenu ndugu. Sisi ni familia za Wakongo hapa Lexington, Kentucky. Wengi tulitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mwalimu wa watoto wetu anastaafu mwezi wa sita. Mama huyu alitusomea barua za shule, akatusindikiza hospitali. Mzazi asiye na karatasi za kuishi Marekani alipoogopa kuandikisha mtoto, alimweleza kwamba tangu 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani imezikataza shule za serikali kumnyima mtoto masomo kwa kukosa karatasi hizo.

Wengine wanataka tuchange pesa. Mimi naona bahasha haitoshi kabisa, na huenda kazi yake haimruhusu kuipokea. Nawaza kitenge, kwaya ya akina mama, na wanafunzi wake wa zamani waseme wenyewe. Kitenge ashonewe kabla, au avishwe siku hiyohiyo? Waliowahi kuandaa jambo kama hili, nisaidieni.