Baleti: kugeuza miguu nje, je, wanafunzi wabane matako?

Mwalimu wa Tudor
Hamjambo wataalamu. Nina wanafunzi wa baleti, wasichana wa miaka 11 hadi 14. Kwenye nafasi ya tano (nyayo zimegeuzwa nje, kisigino cha mguu mmoja kwenye vidole vya mwingine) nyayo zao zinageuka vizuri, ila wakishuka plie, yaani kukunja magoti, magoti yanaangukia ndani na nyayo zinalalia upande wa kidole gumba. Walimu wengi husema "bana matako, ingiza mkia" (ncha ya uti wa mgongo). Ndiyo dawa? Na nitajuaje kikomo cha kila mtoto?

Tiba ya Viungo, Nyali
Mwalimu, agizo hilo liache kabisa. Mguu hugeukia nje ndani ya kikombe cha nyonga, pale kichwa cha fupa la paja kinapozunguka. Wanaozungusha ni misuli sita midogo iliyojificha chini ya tako kubwa. Mtoto akiingiza mkia, kano nene inayofunga kiungo kwa mbele inakazika na kulizuia paja. Akibinua matako, kano hiyo inalegea na mguu unageuka zaidi, lakini mgongo wa chini ndio unaoumia.

Fupanyonga likae katikati. Asimame ubavu kwenye kioo, aweke vitako vya viganja vyake kwenye zile ncha mbili za mfupa mbele ya nyonga, vidole vielekee chini hadi mfupa wa kinena. Viganja vikisimama wima, hapo ndipo.

Kikomo: alale kifudifudi kwenye mkeka, magoti pamoja, akunje goti moja nyuzi 90, kisha auache muundi uangukie upande wa mguu wa pili. Nyonga ikianza kuinuka, simama hapo. Pembe kati ya muundi na wima ndiyo mgeuko wa nyonga. Akiwa na 45 kila upande, nyonga zinampa 90, na muundi na wayo vinaongeza kidogo tu. Ukimdai 180, yaani nyayo ziwe mstari mmoja, salio linatoka kwenye goti, na hayo ndiyo unayoyaona kwenye plie.

Bi. Sakafu
Nakazia hapo. Sakafu inayoshika huwadanganya walimu: wayo unang'ang'ania chini na goti linasokoteka. Mvalishe soksi, ashike baa (ule mti wa kushikilia), asimame nafasi ya kwanza, visigino pamoja na vidole nje, kwenye vigae. Nyayo zitajirudia zenyewe hadi pale misuli ya nyonga inapoweza kuzishikilia.

Wetu wa Pwani waliokulia ngoma ya chakacha wana faida na mtego. Wanajua kuzungusha kiuno juu ya mapaja yaliyotulia. Baleti inataka paja lizunguke chini ya fupanyonga lililotulia. Wafundishe hivi: walale ubavu, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana, wafungue goti la juu polepole mara 10. Nyonga ikirudi nyuma hata kidogo, wamepita kikomo.

Mwalimu wa Tudor
Shukran sana. Na ule mlio wa "ta" mbele ya nyonga mguu unaposhushwa?

Tiba ya Viungo, Nyali
Mara nyingi ni kano ya msuli unaoinua paja, inaruka juu ya ukingo wa fupanyonga. Bila maumivu si hatari, ila asiurudie kwa makusudi. Ashushe mguu akiwa ameulinda mgeuko. Mlio mmoja mkali wakati wa teke la juu, ukifuatwa na maumivu na kuchechemea, ni jambo jingine. Umri huo misuli imeshika kwenye mfupa unaokua, na kipande kinaweza kung'oka. Asimamishe mazoezi, apelekwe akapigwe picha ya eksirei.