Tangi la maji ya chumvi lita 60: chumvi ya mawe, kaa wamekufa, samaki wanahema juu. Laokoleka?

Mkaazi_Kizingo

Hamjambo wadau wa Mombasa. Tangi ni la kioo, lita 60. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 55. Yalitiwa maji ya mfereji yaliyolala ndooni usiku kucha, yakayeyushiwa kilo mbili za chumvi ya mawe, ile ya gunia isiyosagwa. Haidromita (kipimo cha uzito wa maji) inasoma 1.025. Kichujio ni sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Baada ya wiki moja wakaingia samaki wawili wadogo aina ya klauni na kaa watano wale wanaoishi ndani ya kome.

Kaa wote wamekufa. Klauni wako hai lakini wanakaa juu juu, mashavu yanapiga haraka, chakula hawagusi. Maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Vipimo vya leo: amonia miligramu 1 kwa lita, nitriti sifuri, pH 7.4, joto nyuzi 29.

Dukani nimeambiwa tatizo ni iodini iliyo kwenye chumvi. Jirani anashauri nitie magadi mpaka pH ifike 8.2 kama baharini. Nifuate lipi? Na je, maji haya yatengenezeka au niyamwage yote?

---

Mwamba_wa_Nje

Ndugu yangu, magadi usitie. Hilo kwanza, mengine baadaye.

Amonia majini iko katika hali mbili. Moja ni amoniamu, ambayo haiingii kirahisi mwilini mwa samaki. Nyingine ni amonia yenyewe, na hiyo hupenya mashavuni na kuua. Kinachoamua ngapi iwe huku na ngapi kule ni pH zaidi ya kitu kingine chochote, kisha joto. pH ikipanda kwa moja, ile yenye sumu huzidi karibu mara kumi. Kwa hiyo miligramu yako moja katika pH 7.4 samaki wameihimili kwa shida. Peleka pH hadi 8.2 kwa kijiko cha magadi, na miligramu ile ile huenda ikawaua. Watu hupoteza samaki hivi, halafu husema magadi ni sumu.

Maji hayo yamwage yote. Kuyatengeneza ni kazi ya bure ilhali bahari iko hapo ng'ambo ya barabara.

Leo hii, kabla ya kwenda kuteka maji: toa kaa waliokufa pamoja na makome yao (nusa kila kome, nyama hubaki ndani), acha kulisha kabisa, ongeza jiwe la hewa (kijiwe kinachotoa viputo vya pampu). Weupe huo ni bakteria wanaokula mizoga. Hawamdhuru samaki moja kwa moja ila wanammalizia hewa, na maji ya chumvi yenye joto hayana hewa ya akiba: kwenye nyuzi 30 maji ya bahari hubeba kama miligramu 6.2 tu za oksijeni kwa lita, wakati maji baridi (yasiyo na chumvi) ya joto hilo hilo hubeba 7.5. Ndiyo maana wako juu.

Maji ya bahari yakifika, weka lita 15 kwenye ndoo safi ya plastiki, tia jiwe la hewa, subiri joto lilingane na la tangi, kisha hamisha klauni kwa kikombe. Usidondoshe maji mapya kidogo kidogo kwenye maji yao ya zamani kama mtu anavyofanya kwa samaki mpya; hapo utakuwa unapandisha pH wakiwa bado wamo ndani ya amonia, yaani magadi kwa njia nyingine. Chumvi yako na ya bahari zinakaribiana kwa uzito, basi joto likilingana wahamishe moja kwa moja. Maji ya zamani usiyamimine ndooni.

Wakae humo ndooni mpaka tangi likomae, yaani bakteria wanaomaliza amonia wajae kwenye kichujio. Badilisha nusu ya maji kila siku.

---

Kome_la_Shanzu

Naongeza kuhusu chumvi, kwa sababu hapo ndipo mzizi ulipo na iodini inasingiziwa. Kiasi cha iodini kinachotiwa kwenye chumvi ya kula ni kidogo sana. Sicho kilichoua kaa.

Angalia chumvi ya mawe inavyopatikana kule Gongoni na Marereni, pwani ya Kilifi. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye mabwawa, jua linayakausha. Chokaa hutangulia kushuka. Yakibaki kama moja ya tano ya ujazo wa mwanzo, hushuka jasi. Yakifika kama moja ya kumi, ndipo chumvi yenyewe inapoganda, na yale maji machungu yanayobaki juu, yaliyobeba magnesiamu na potasiamu, humwagwa. Chumvi nzuri ya kupikia ni ile iliyoachana na vitu hivyo vyote. Tangi linavitaka.

Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 1.3 za magnesiamu, gramu 0.4 za kalsiamu na gramu 0.4 za potasiamu. Ya kwako ina sodiamu na kloridi, pamoja na kalsiamu kidogo iliyokuja na maji ya mfereji. Haidromita haiwezi kukuonya: inapima uzito wa maji tu, haijui ni chumvi gani iliyoyafanya mazito. Gramu 36 za chumvi ya jikoni kwa lita zitasoma 1.025 sawasawa na bahari ya Nyali.

Kaa hufa kwanza kwa sababu damu yake inafuata maji yaliyomzunguka. Madini yakikosekana nje, na ndani yanapotea. Samaki hujidhibiti, lakini bila kalsiamu mashavu yake huvuja na anachoka kwa kazi ya kurudisha alichopoteza. pH nayo ilishuka kwa kuwa maji hayo hayana akiba ya kutosha ya kuizuia.

Sponji usiitupe wala usiioshe kwa maji ya mfereji. Ikamue kidogo ndani ya maji ya bahari, irudishe. Bakteria wachache walioanza kushika wako humo. Mawe suuza kwa maji ya bahari, mchanga ukoroge na kuusuuza mpaka usitoe weupe.

Kuhusu samaki kukaa ndooni, hapo natofautiana na Mwamba. Lita 15 hubadilika joto upesi, na amonia ya klauni wawili huijaza kwa siku moja. Lita 55 za maji halisi ya bahari ni salama zaidi hata kama kichujio hakijakomaa. Suuza tangi, lijaze, warudishe siku hiyo hiyo, lisha punje chache kila baada ya siku moja, upime amonia kila jioni. Ikigusa 0.25, badilisha lita 15. Kichujio kitakomaa kwa wiki tatu hadi sita hivi, na kwa joto la Mombasa mara nyingi ni karibu na tatu.

---

Mwamba_wa_Nje

Nakubali, kwa sharti moja: awe na njia ya kupata lita 15 kila mara zinapohitajika. Akikosa maji siku tatu, tangi lote litakuwa limeingia amonia na hana pa kuwahamishia. Basi weka mitungi miwili ya akiba iliyojaa wakati wote, gizani, na ukiyapa hewa kidogo.

Nitriti ikianza kuonekana usishtuke. Kwenye maji baridi ni hatari kubwa, lakini kloridi nyingi ya bahari huizuia kuingia mashavuni. Ikisoma 1 au 2 huku amonia ikiwa sifuri, ni dalili kwamba kundi la kwanza la bakteria limeshika na la pili liko njiani.

---

Mama_Tangi_MSA

Jamani, hajaambiwa maji ayateke wapi, na Mombasa hilo si jambo dogo.

Usiteke Tudor, Makupa, wala upande wa Kilindini na feri. Huko kuna maji machafu ya mji na mafuta ya vyombo. Nenda upande wa bahari kuu: Nyali, Bamburi, Shanzu. Teka maji yakiwa yanajaa, kuanzia saa mbili hivi kabla ya kujaa kabisa, kwa kuwa hapo ndipo maji ya nje ya mwamba yanapoingia. Yakipwa, yanayobaki ndani ya mwamba yamechemka kwa jua, na maji ya ardhini yanapenyeza mchangani yakiwa na uchafu wa mashimo ya vyoo. Siku za bamvua ni rahisi, maana hujaa kama saa kumi alasiri, na unafika kiunoni bila kwenda mbali. Ingia mpaka kiunoni hasa, zamisha mtungi chini ya uso wa maji. Utando wa juu ndio wenye mafuta na vumbi.

Mitungi iwe mipya au iliyobeba maji ya kunywa tu. Ile ya mafuta ya kupikia, hata ukiiosha mara ngapi, huacha utando unaozuia hewa. Ndoo ya bati usitumie kabisa, na koki ya shaba pia: zinki na shaba huua kaa na konokono kwa kiasi ambacho vipimo vya kawaida havikioni.

Chuja kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichokunjwa mara nne. Ukihitaji maji leo kwa ajili ya hao klauni, hiyo inatosha. Ya akiba ndiyo ya kusafishwa zaidi: kwa mtungi wa lita 20, tia mililita 6 za jiki isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 3.5. Hiyo ni kama miligramu 10 za klorini kwa lita. Iache saa 24, kisha gramu 1.4 za sodiamu thaiosalfeti zinatosha kuimaliza hata kama klorini yote ingekuwa bado imo. Piga hewa saa chache, pima klorini, ikiwa sifuri tumia. Wanaoteka siku za mvua za masika wasiruke hatua hii.

Na joto lako la nyuzi 29 liko juu. Hita hapa huhitaji. Weka feni ndogo ipulize juu ya maji na uondoe kifuniko cha kioo, badala yake uweke wavu. Joto litashuka nyuzi mbili au zaidi. Maji yatapungua haraka, na hapo kuna kosa lingine linalowangoja wengi: kinachopaa ni maji matupu, chumvi inabaki. Chora mstari kwenye kioo, na kila asubuhi rudisha maji hadi mstarini kwa maji baridi safi. Usijazie maji ya bahari.

---

Mkaazi_Kizingo

Nawashukuru sana nyote. Klauni wameshahamia kwenye maji ya bahari ya Nyali na mashavu yametulia. Nina maswali matatu yaliyobaki. Mtungi mmoja nilioteka baada ya mvua unasoma 1.021, niuongezee ile chumvi ya mawe? Naweza kuchukua jiwe hai kutoka kwenye mwamba ili bakteria waje haraka? Na kaa niwarudishe lini?

---

Kome_la_Shanzu

Kwanza hakikisha hakuna kiputo kilichonasa kwenye sindano ya haidromita. Kiputo hupandisha kipimo, kwa hiyo huenda ni chini hata ya hapo. Kama kweli ni 1.021, shida si uhaba wa chumvi tu. Mvua iliyoyapunguza imeleta pia matope na maji ya mitaro. Kwa akiba mwaga, uteke tena kukikauka. Ukiwa umebanwa, gramu 6 hivi za chumvi ya mawe kwa kila lita zitakufikisha karibu na 1.025, na madini mengine yatakuwa pungufu kwa kiasi ambacho samaki atakivumilia. Kwa kaa, hapana.

---

Mama_Tangi_MSA

Jiwe la mwamba liache lilipo. Ufuo wote huo tunaoutaja uko ndani au jirani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyoanzishwa mwaka 1986, na kuchukua matumbawe, mawe au makome humo ni kosa, KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) watakushika. Tena jiwe hilo likifika kwako, nusu ya viumbe wake watakufa na kuleta amonia ile ile unayoikimbia.

Tafuta kipande cha jiwe la kujengea, yale yanayochongwa kwenye machimbo ya hapa pwani. Ni matumbawe ya kale, yana vitundu vingi ambamo bakteria hukaa, na ni chokaa tupu. Chagua kipande kilichovunjika, kisichoguswa na saruji wala mafuta ya msumeno. Kisugue kwa brashi, kiloweke wiki nzima ukibadilisha maji kila siku, kisha kitie. Kilo tano au sita zinatosha tangi lako.

---

Mwamba_wa_Nje

Kaa: subiri amonia na nitriti zisome sifuri kwa wiki mbili mfululizo huku ukiwalisha klauni kama kawaida. Pima na kalsiamu. Iwe miligramu 400 kwa lita au zaidi. Kisha tia mmoja tu. Huyo ndiye wa kumdondoshea maji taratibu, tone mbili kwa sekunde kwa muda wa saa moja, kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo. Mwekee makome matatu matupu yaliyo makubwa kidogo kuliko lake. Akitembea na kula kwa siku kumi, leta wa pili. Watano kwa lita 55 ni wengi. Ishia na watatu.