Bwawa la shambani Kakuyuni: likivunjika ama mtu akizama, nani wa kulaumiwa?

kijana_wa_ganda:
Salaam wadau. Mzee wetu katuachia shamba pande za Kakuyuni, Malindi, na ndani mna bwawa lilichimbwa zamani kwa tingatinga kabla hata hajalinunua, tuta la udongo kama mita 4 hivi. Twataka tulifanye pa kupumzikia, tutie tilapia, boti ndogo ndogo, banda la makuti, watu waje wikendi kwa kiingilio. Sasa chini ya tuta pana unyevu mwaka mzima, nyasi mbichi hata kaskazi, na juu imeota miarobaini imenona balaa. Chini huko kuna boma za majirani. Likivunjika nashtakiwa mimi ama yule aliyelichimba? Ndugu yangu asema tubandike kibao "kuogelea ni kwa hiari yako" yaishe.

tingatinga_msabaha:
Huo unyevu usiuchezee bro. Kinga maji yanayotoka kwa chupa ya plastiki uyaangalie juani, yakiwa masafi endelea kuyapima kila wiki uone kama yanaongezeka, yakiwa na tope jua yanatoka na udongo wa ndani, yani tuta linaliwa tumboni, piga pampu ushushe maji siku hiyo hiyo na majirani uwaambie. Miarobaini usikate ukaacha visiki, mizizi ikioza inaacha mashimo na maji yanafuata humo humo. Shusha maji kwanza, visiki vitolewe, ushindilie udongo mfinyanzi, na injinia awepo. Halafu hujasema njia ya kutolea maji yakijaa iko wapi?? Tuta la udongo maji yakipita juu yake halina maisha.

mwana_shela:
Kaka, ardhi ikiwa yenu na bwawa ni lenu, habari ya aliyechimba sahau. Kuna kesi ya Uingereza ya 1868, Rylands na Fletcher, ya bwawa hasa, maji yalipenya yakaingia mgodi wa jirani na mwenye bwawa akalipa ijapokuwa uzembe haukuwa wake, na mahakama zetu za Kenya huitumia hadi leo. Maji yenyewe hata si yenu, Sheria ya Maji ya 2016 yasema ni mali ya umma chini ya serikali kuu, kuyazuia lazima kibali cha WRA, mamlaka ya serikali ya rasilimali za maji. Na kibao hakitoshi. Sheria ya wenye majengo na mashamba yataka utegemee mtoto hana uangalifu wa mtu mzima, kwa hivyo ua, majaketi ya kuelea, na mtu anayejua kuogelea awe pale muda wote si anachat kwenye simu.

baba_zuu:
Na hiyo njia ya maji msije mkaiziba kwa wavu ati samaki wasitoroke!! Marekani huko Johnstown matajiri walikuwa na bwawa lao la kuvulia kwa starehe, wakaweka wavu pale, tuta wakalishusha kidogo magari ya farasi yapite, mabomba ya kutolea maji yalishang'olewa na mwenyewe wa kabla yao. Mvua kubwa ikaja Mei 1889, takataka zikaziba wavu, maji yakapita juu ya tuta, wakafa zaidi ya watu 2,200 na klabu haikulipa hata senti kortini. Nasi tunayo Solai kule Nakuru, Mei 2018 usiku, bwawa la shamba binafsi lilipasuka, wakafa watu zaidi ya 40.

mama_jilore:
Mwasahau kichocho nyie. Maji yasiyo na chumvi yaliyosimama yenye konokono na watoto wa mjini wanajirusha humo, haya. Boti sawa, kuogelea waende baharini bure.

kijana_wa_ganda:
Shukran nyote. Njia ya maji ilikuwepo upande wa kusini, mzee alipanda migomba ndani yake, kesho inatoka. Chupa nimeshakinga, yana rangi ya chai ya maziwa. Kuna mtu anakodisha pampu ya inchi 3 karibu na Kakuyuni?

tingatinga_msabaha:
Ninayo, njoo inbox sasa hivi. Na walio chini waambie leo usiku wasilale huko.