Je, kituo cha wanyama kina haki ya kumnyima mtu paka kwa sababu ya nyumba yake?

Mtoa hoja, Kibokoni:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naleta kwenu suala lililozuka barazani kwetu, nalo halijatulia hadi leo. Jirani yangu, mama mtu mzima anayeishi peke yake tangu binti zake waolewe, alikwenda katika kituo kimoja kinachohifadhi wanyama waliotupwa akaomba paka. Alijaza fomu, akawa tayari kulipa ada, kisha akaja mtu kukagua nyumba, na jibu likawa kwamba hapewi, kwa sababu nyumba ina ua wa wazi, madirisha hayana nyavu na mlango wa mbele hushinda wazi kutwa, ilhali sharti la kituo ni paka afugwe ndani asitoke.

Mimi sina ugomvi na ada. Wako walioitaja barazani Hadithi ya Jabir katika Sahih Muslim, inayokataza thamani ya mbwa na paka, wakadai kwamba kituo kinauza; lakini wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wameijuzisha biashara ya paka, na hata tukiliacha hilo, chanjo, dawa ya minyoo na kazi ya daktari wa mifugo hazipatikani bure. Wala sina ugomvi na sharti la kufunga kizazi, ingawa najua mashekhe wana maneno yao katika mas'ala ya kuhasi. Paka jike hushika mimba angali na miezi mitano au sita, huibeba kwa muda wa wiki tisa hivi, na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kituo kinachomtoa bila kumfunga kizazi kinajiandalia wageni wa mwaka ujao.

Ninachopinga ni kuipima nyumba ya Mji wa Kale wa Mombasa kwa kipimo ambacho haikujengewa. Nyumba zetu zimejengwa zipitishe upepo, na ukizifunga kwa ajili ya paka, joto litamtoa mwenye nyumba kabla paka hajatoka. Paka wa kwetu hulala kwa huyu, akala vichwa vya samaki kwa yule, akashinda juu ya ukuta wa msikiti, na mtaa mzima unamjua. Katika Hadithi ya Abu Qatada, Mtume (S.A.W.) alisema kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka, naye yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kosa lake lilikuwa ni kumfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie chakula. Sisemi kwamba kumfuga ndani paka anayelishwa ni dhambi. Nasema kwamba kumwacha atembee si utupaji. Hata huko tunakoiga hawakubaliani: Marekani vituo vingi huhimiza paka akae ndani, na Uingereza ni jambo la kawaida paka kutoka nje, tena wapo wanaouliza kwanza kama nyumba ina bustani.

Mchangiaji, Bamburi:

Kaka yangu wa Kibokoni, umeandika vizuri, lakini umeandika kana kwamba Mombasa yote ni vichochoro. Mimi hupokea watoto wa paka waliookotwa, nikawalea kwa chupa hadi wapate mwenyewe, na naishi karibu na barabara ya Malindi, ambapo paka anayezoea kutoka hamalizi mwaka. Kinachoniponza mimi si madirisha. Wale waliorudishwa mikononi mwangu hawakurudishwa na watu wakatili. Walirudishwa na wapangaji ambao mwenye nyumba aliwakataza mnyama, au waliohama wakaona paka ni mzigo usioingia kwenye mkokoteni. Mkaguzi akija nyumbani, hilo ndilo analopaswa kuuliza, na fomu pekee haiwezi kulifichua.

Kisha mbona umenyamaza kuhusu mbwa? Wengi wanaoomba mbwa hapa kwetu wanataka mlinzi, na wapo wanaomfunga mnyororo getini usiku na mchana hadi shingo ikapata kidonda, ilhali Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtia hatiani anayemsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Tena hadi asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030. Mbwa atolewe bila chanjo na bila kufuatiliwa, kwa imani tu?

Mtoa hoja, Kibokoni:

Dada yangu, kwa mbwa nimesalimu amri. Huko ukaguzi uwepo, tena urudiwe baada ya miezi. Ya barabara pia nimekubali, na barua ya mwenye nyumba ni sharti la haki kuliko nyavu. Lakini hoja yako inanipa nguvu, kwa kuwa inaonyesha kwamba hatari iko mahali na katika mkataba wa kupanga, si katika ua wa wazi. Mtoto wa paka uliyemlea kwa chupa apelekwe kwenye nyumba yenye mlango wa kufungwa. Paka mkubwa aliyekulia sokoni, akishafungwa kizazi na kuchanjwa, kwa nini asipewe yule mama wa kichochoroni, ambako gari halipiti?

Hata hivyo jirani yangu hakungoja tumalize. Ijumaa paka jike mmoja wa soko la samaki amejileta mwenyewe, akalala kwenye ngazi, akapewa maziwa, na sasa ana jina. Hajachanjwa wala hajafungwa kizazi, na kwa ninavyomwona tumbo, hatuna wiki nyingi. Kituo kilichomnyima mama huyu paka aliyekwisha kutibiwa, kitakubali kumpokea huyu kwa siku moja, kimhudumie na kumrudisha nyumba ile ile yenye madirisha wazi? Anayefanya kazi katika vituo hivi na anijibu.