Villard, Dürer au Burne-Jones: nianze kunakili daftari la nani?

Mkwaruzo: Wadau, nimepata kazi ya kuchora wapiganaji na mabibi wa Ulaya ya zama za kati. Kila joho nikichora linatoka kama shuka lililoanikwa kambani. Nina wiki mbili za mazoezi. Ninakili daftari la nani kati ya hao watatu?

BintiWino: Villard de Honnecourt. Huyo ni mtu wa karne ya 13 mwenyewe, nguo hizo alikuwa akizipita njiani. Zimebaki karatasi zake 33 za ngozi, ziko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris. Tazama mikunjo: mstari unashuka, unapinda kama kibanio cha nywele, unarudi juu. Shuka lako litapona hapo.

Fundi Penseli: Nguo sawa, mwili je? Watu wake wengine kawajaza pembetatu na nyota kama hesabu. Na yule simba anayedai kamchora akiwa hai ana sura ya mzee aliyedaiwa kodi 😂 Mimi nasema Dürer, yule mchoraji Mjerumani. Mwaka 1498 alichora mpanda farasi ndani ya deraya kamili, mchoro uko jumba la makumbusho la Albertina, Vienna. Juu pameandikwa kwamba hivyo ndivyo deraya ilivyokuwa Ujerumani wakati ule. Angalia goti: vipande vya chuma vinapandana ili mguu ukunjike. Mwaka 1513, alipochonga kwenye shaba yule mpanda farasi anayepita kati ya Mauti na Shetani, akarudi kwa huyohuyo. Miaka 15 baadaye! Mabibi unao pia: wanawake wake wa Nuremberg wa mwaka 1500, mmoja kavaa ya kanisani, mwingine ya nyumbani.

Mkwaruzo: Na Burne-Jones, yule mchoraji Mwingereza? Moyo wangu uko kwake.

BintiWino: Mzuri, lakini kazaliwa 1833. Alijifunza kwa kunakili picha za miswada ya kale, na deraya zake alizibuni makusudi zisiwe za zama yoyote. Mhariri akikuuliza hii karne gani, utamjibu nini?

Fundi Penseli: Kama ni hadithi ya mazimwi, mchukue. Kama ni kitabu cha historia, mwache kwanza.

Mkwaruzo: Ni cha historia. Basi nimekesha na goti la Dürer, mara ya sita ndiyo limekubali kukunjika. Joho bado shuka. Kesho Villard.