Miksi inapasuka na kukoroma: tatizo ni kurekodi au kubana MP3?

selekta_temeke

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kwa wanaorekodi miksi nyumbani.

Miksa yangu ni ya chaneli mbili, ina REC OUT (matundu ya kutolea sauti ya kurekodi). Laptopu ni ya zamani, Windows 10, tundu la maiki na la hedifoni yako mbalimbali. Waya wa RCA mbili unatoka REC OUT, upande wa pili una jeki ya milimita 3.5, nimeichomeka kwenye tundu la maiki. Narekodi kwa Audacity, halafu natoa MP3 ya kilobiti 128 iwe nyepesi kutuma WhatsApp na kuwawekea jamaa wa bajaji kwenye flashi.

Sasa besi ikipiga, sauti inapasuka, lakini mita ya Audacity haifiki hata kwenye nyekundu, inaishia kama desibeli -8. Kushoto na kulia kunatoka kitu kilekile. Kuna mkoromo ambao nikichomoa chaja unaisha, ila betri yenyewe inakaa dakika ishirini tu. Na kwenye singeli hai-hati zinasikika kama maji yanachuruzika. Nimejaribu 320, maji yamepungua, kupasuka kuko palepale. Nitumie programu gani nyingine ya kubana?

fundi_waya

Mkuu, programu ya kubana iache kwanza. Kilichoharibika kwenye waya hakiponi kwenye MP3.

Tundu la maiki limetengenezwa kupokea milivolti chache. REC OUT inatoa karibu theluthi ya volti, yaani makumi ya mara zaidi. Kipaza kidogo kilichomo ndani ya laptopu kinazidiwa kabla sauti haijageuzwa kuwa namba, na kitelezi cha Windows mara nyingi kinakuja baada ya hapo. Ukikishusha, unashusha sauti iliyokwisha kupasuka. Ndiyo maana mita inaonyesha -8 na wewe unadhani uko salama. Vuta picha ya sauti kwa karibu pale besi inapopiga: utakuta vilele vyote vimekatwa bapa, usawa mmoja. Na hiyo kushoto sawa na kulia ni kwa sababu matundu mengi ya maiki ni mono.

Wenye laptopu za tundu moja msimcheke. Mkichomeka jeki ya kawaida ya stereo pale, mashine inaona hedifoni tu na inaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani. Sikilizeni vizuri mtasikia feni na mlango wa jirani.

Unachohitaji ni kadi ya sauti ya USB yenye line in ya stereo, yaani matundu ya kupokea sauti kubwa ya miksa, si ya maiki. Ya bei nafuu inayofahamika ni Behringer UCA202 au UCA222: RCA mbili za kuingiza, mbili za kutoa, biti 16, mwisho hezi 48,000. Kwa miksi inatosha kabisa. Ukienda Kariakoo usikubali kile kidude cha USB chenye matundu mawili, la kijani na la pinki. La pinki ni maiki tena, utakuwa umelipa hela kurudi ulikotoka.

Ukishaichomeka, Windows inaweza kuiona kama maiki na kuipa chaneli moja. Ingia mipangilio ya sauti, Recording, Properties, Advanced, uchague "2 channel, 16 bit, 44100 Hz", na uzime "enhancements" zote. Kwenye Audacity, pale pa kuchagua njia ya sauti, weka Windows WASAPI, stereo, 44100. Namba zilingane pande zote mbili, la sivyo sampuli zinabadilishwa njiani bila wewe kuambiwa.

Kadi hiyo haina kitufe cha geini ya kuingiza, kwa hiyo kiwango unakipanga kwenye miksa, kwa geini za chaneli. Lenga vilele vya -6. Pima nyimbo mbili zikiwa zinapiga pamoja, faderi zote juu, maana besi mbili zikikutana zinaweza kuongeza hadi desibeli 6. Kwenye miksa nyingi kitufe cha master hakiigusi REC OUT. Pandisha spika utakavyo, rekodi haitajua.

kipaza_sinza

Nadakia hapo kwenye chaja. Ukichomoa ukaisha, basi umeme unazunguka kati ya chaja, miksa na ule waya wa RCA. Anza na kisicho na gharama: laptopu, miksa na spika zote kwenye ekstensheni moja yenye pini tatu. Mara nyingi inaishia hapo. Ikibaki, weka kitenganishi chenye transfoma kwenye waya wa RCA, kati ya miksa na kadi. Kile cha bei chee kinakula besi ya chini, kwa mtu wa amapiano ni hasara, kwa hiyo kiwe cha mwisho. Usithubutu kukata pini ya ethi, mkoromo utaisha na wewe utaisha.

flashi_tu

Kubana sasa. Hoja ya singeli ni ya kweli, si masikio yako. Wimbo wa 240 kwa dakika una mapigo 4 kwa sekunde. Hai-hati ikigawa kila pigo mara nne, hiyo ni mipigo 16 kwa sekunde. MP3 hukata sauti vipande vya sampuli 576, karibu milisekunde 13, na kila mpigo mkali unailazimisha kutumia vipande vifupi zaidi, ambavyo vinakula biti nyingi. Kwa 128 biti haziwatoshi wote, ndiyo hayo maji. Taarab au bongo fleva ya polepole itavumilia, singeli haivumilii.

Hesabu ya uzito kwa miksi ya dakika 90: kwa 128 ni MB 86, kwa 192 ni MB 130, kwa 320 ni MB 216. WAV ya biti 16, yaani sauti isiyobanwa, ni MB 950 hivi. Mimi ningesema 192 kwa WhatsApp, tena utume kama dokumenti, na 320 kwa flashi. Ukitumia LAME, programu ya kutengeneza MP3, moja kwa moja:

lame -b 192 -m j -q 2 miksi.wav miksi.mp3

Hiyo "-m j" ni joint stereo. Watu wanaikimbia wakidhani inaua stereo. Haiiui, inaokoa biti pale kushoto na kulia vinapofanana, na kwenye 192 na chini yake unazihitaji.

Redio za bajaji zipe CBR (biti sawa mwanzo hadi mwisho). VBR (biti zinazopanda na kushuka) zinaipiga, ila dakika zinaonyeshwa za uongo na kurusha mbele kunakosea. Flashi iwe FAT32, lebo ziwe ID3v2.3, picha ya jalada ndogo. Usikate miksi kuwa nyimbo moja moja, kwa sababu MP3 inaongeza ukimya mfupi mwanzo na mwisho wa kila faili, na redio hizo haziuruki. Utasikia kila maungio yanakwama.

Na WAV uitunze. MP3 itoke kwenye WAV mara moja tu. Ukishaifungua MP3 kwenye Audacity kupunguza sekunde kumi za mwanzo na kuitoa tena, umebana mara mbili. Kama WAV haipo, tumia mp3DirectCut, inakata bila kubana upya.

fundi_waya

@flashi_tu nakubali, isipokuwa 192 kwa singeli bado naona ni kubahatisha. Kama bando inaruhusu, 256. Na kabla ya kutoa MP3 shusha kilele kiwe -1, sio 0, maana kubana kunasogeza vilele juu kidogo na sauti inapasuka upya kwenye simu.

deski_mbagala

Samahani mwenye uzi, nadandia. Natumia kompyuta ya mezani, narekodi ndani ya Mixxx, programu ya ma-DJ, kwa WAV. Umeme umekatika katikati, faili lipo MB 700 na ushee lakini kila pleya inaonyesha 0:00. Ndiyo limekufa?

flashi_tu

Halijafa. Urefu wa WAV huandikwa kwenye kichwa cha faili pale unaposimamisha kurekodi, na wewe hukufika huko. Sauti yenyewe imo.

Kopi kwanza, ufanye kazi kwenye kopi. Audacity, File, Import, "Raw Data". Weka Signed 16-bit PCM, Little-endian, chaneli 2, 44100, offset (baiti za kuruka mwanzoni) 44. Kama Mixxx uliiweka 48000, andika 48000, vinginevyo miksi itapiga polepole na kwa sauti nzito. Ukisikia mvumo wa chenga mtupu, ongeza offset kwa 1. Kushoto na kulia vikibadilishana, ongeza 2, kwa kuwa kila sampuli ni baiti 2 kwa upande. Sekunde chache za mwisho kabla ya giza huenda hazikuwahi kufika kwenye diski, hizo usizitafute.

Kisha File, Export, WAV.

selekta_temeke

Nimevuta picha, vilele bapa kweli, vyote -8. UCA222 nitaiulizia Kariakoo Jumamosi. Hiyo REC OUT nikiikuta bado ina nguvu sana kwa kadi, nishushe wapi?

fundi_waya

Geini za chaneli. Zikifika nusu na bado inazidi -6, endelea kuzishusha. Kitelezi cha Windows usikiguse.