Kafeini ya chupa nzima iandikwe mbele, kwa Kiswahili. Nani anapinga?

Wakuu habari zenu, hili jambo linanikera naomba tulijadili. Juzi nimekaa kijiweni na madogo wa bodaboda, mmoja yuko kwenye enaji (vile vinywaji vya kuongeza nguvu) ya nne tangu asubuhi, nikaichukua chupa nikaigeuza, maandishi madogo mpaka niisogeze juani: kafeini mg 32 kwa kila ml 100. Chupa yenyewe ni ml 300. Namuuliza dogo leo umekunywa kafeini ngapi, ananijibu "si hiyo 32 kaka". Hapana, chupa moja ni 96, nne ni 384, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishasema 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe 400 kwa siku. Na huyu usiku bado anaingia kazini, ya tano iko njiani.

Kuna mwenzetu pale akadakia, mbona kahawa ina kafeini na hampigi kelele? Ndugu yangu, kahawa unainywa ya moto, kikombe kidogo, fundo moja moja na kashata pembeni, na uchungu wake wenyewe unakuambia basi. Hii ni ya baridi na tamu, jua la saa nane mtu anaikata mara tatu imeisha. Mwingine anasema mtu mzima aachwe ajiamulie, sawa kabisa, ila anaamuaje wakati hesabu kafichiwa kwenye "kila ml 100"?

Na nyie wa jimu mnaokoroga unga wa virutubisho kabla ya mazoezi, kwenu ndo pabaya zaidi. Marekani, utafiti uliotoka 2023 ulipima virutubisho 57 vya wanamichezo vyenye viambato vya mimea, 23 havikuwa kabisa na kile kilichoandikwa kwenye lebo, 6 tu ndo vilikaribia kiasi kilichotajwa, na 7 vilikutwa na vitu vilivyokatazwa. Kule sheria yao ya 1994 inaruhusu kirutubisho kiingie sokoni bila kuidhinishwa kwanza, halafu makopo hayohayo tunaletewa huku kwenye mabegi.

Poland tangu Januari 2024 ni marufuku kumuuzia enaji aliye chini ya miaka 18. Mimi sijafika huko, nataka TBS, shirika letu la viwango, ilazimishe namba moja kubwa ya chupa nzima, na ipime kama ni ya kweli. Wenye maduka, geuzeni chupa mlizonazo hapo mtuambie zimeandikwaje.